Mdomo wa Mpuliza Kuku

Katika biashara ya kuku nimeona uchafu wa kila namna. Nimelala juu ya magunia ya dagaa walioota funza, nimekwangua kinyesi kwenye matenga mpaka kikanikaukia viwikoni, na chakula changu kilikaa tumboni bila matatizo. Lakini siku ya kwanza nilipomwona yule mzee pale sokoni Tunduma akimshika tetea mwenye mafua, akambana kichwa kwa vidole viwili, akaweka midomo yake juu ya matundu ya pua ya yule kuku akavuta, kisha akatema pembeni kitu cha kijani kinachovutika, nilikwenda nyuma ya vibanda nikatapika chai na maandazi yote. Niliporudi alikuwa ananisubiri, amejifuta kwa mgongo wa mkono.

"Tajiri," akaniambia kwa upole kabisa, "umekula nini kibaya?"

Tulimwita Mpuliza. Jina lake la nyumbani nalijua ila halina kazi hapa. Alizaliwa wapi na nani, sijui, wala sikuwahi kuuliza. Nilimjua kwa mdomo wake, kama unavyomjua fundi kwa nyundo.

Asiyejua kazi yetu nimweleze. Ukitaka kununua kuku wa kienyeji humwangalii manyoya, kwa maana manyoya ni koti, na mwenye njaa naye huvaa koti. Unampindua, unapuliza chini ya mkia na kifuani ili manyoya yafunguke, unatazama ngozi. Ngozi ikiwa ya njano na laini, kanona. Ikiwa ya bluu na imeshikana na mfupa, ni kijiti hicho. Kila mtu anapuliza, hata mimi. Tofauti yake ni kwamba sisi tulipuliza tukarudisha uso nyuma, na yeye baada ya kupuliza aliingiza pua yake mle mle akanusa. Halafu alimgeuza kuku, akamfungua mdomo, akavuta pumzi ya yule kuku mpaka mabega yakapanda, akafumba macho kama mtu anayeonja supu.

"Mdondo," alikuwa akisema. "Huyu ana siku chache. Pumzi inanuka ugali uliochacha." Akisema hivyo, tenga zima unalirudisha ulikolitoa.

Mimi nilitoka Ndalambo na darasa langu la nne, sina baba mwenye duka wala mjomba ofisini. Kabla serikali haijaachia biashara, kumvusha hata jogoo mmoja kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ulijificha kama mwizi wa mifugo. Ilipoachiwa nilikuwa tayari nina baiskeli, halafu nikawa na pikapu, halafu lori. Niliwakusanya kuku vijijini, nikawashusha Tunduma, na wale akina mama wa Zambia, tuliowaita bamayo, wakaja kuchukua. Kitu cha kwanza walichouliza hakikuwa bei. "Inkoko hizi kazipuliza mzee?" Kama hakuzipuliza, hawanunui. Kwa hiyo mali yangu yote, bati langu, lori langu, vilipita kwenye ule mdomo ulionitapisha. Hilo lilinichukiza kuliko kamasi lenyewe.

Msidhani alikuwa mtu mchafu wa mwili. Hapo ndipo alipokuwa ananichanganya. Shati lake lilikuwa jeupe, kola imesimama. Viatu alivipaka rangi kila asubuhi, na akikanyaga kinyesi sokoni alisimama hapo hapo akakifuta kwa jani. Kucha zake zilikuwa safi kuliko za mwalimu. Macho tu ndiyo yalikuwa mekundu mwaka mzima, yanatoa machozi, akawa kama mtu aliyetoka msibani. Watoto walimwogopa kwa macho hayo, naye hakuwapenda watoto. "Wana kamasi," alisema. Yeye huyo, anasema watoto wana kamasi.

Nyama ya kuku yeye hakula. Tulipokuwa tunakula wali kuku kwenye harusi, yeye aliomba maharage. Nikamuuliza mara moja kwa nini. Akajibu, "Wewe unaweza kumla mtu uliyeongea naye?" Watu wakacheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika paja.

Na kwenye kilabu cha pombe ya komoni alikuja na kikombe chake mwenyewe, cha bati, kimefungwa kwa kitambaa cha bluu. Sote tulikunywa kwa kupokezana kama desturi, yeye akafungua kitambaa, akamiminiwa chake, akamaliza, akakisuuza, akakifunga tena. Mzee mmoja dereva akamchokoza siku moja: "Mpuliza, unabusu kuku halafu unakataa kikombe changu?"

"Kuku hana hila," akajibu. "Akiumwa, pumzi yake inasema. Mtu anacheka na wewe, kumbe kifuani kwake kumeshaoza. Mate ya watu ndiyo machafu."

"Kwa hiyo mimi mchafu kuliko jogoo?"

"Jogoo gani?" akauliza Mpuliza, na kilabu kizima kikavunjika kwa kicheko. Alikuwa na maneno, siwezi kumnyima hilo.

Balaa lilianza alipomfundisha mke wangu.

Mke wangu, Mama Neema, ndiye aliyetunza kuku uani wakati wanasubiri soko. Alikuwa anapoteza wengi kwa mafua. Mpuliza alikuja akamwonyesha namna ya kuwatoa kamasi ili waweze kupumua na kula. Mke wangu angalau alikuwa na akili ya kukata unyoya mkubwa wa bata mzinga ncha zote mbili, akautumia kama mrija. Lakini mrija ni mrija. Ukivuta, kitu kinakuja. Kuku walipona kweli, wengi wao. Mimi nikawa nauza kuku hai badala ya kuzika, na usiku nikawa nageukia ukutani.

"Piga mswaki," nilimwambia.

"Nimepiga."

"Piga tena."

"Baba Neema," akasema, "hela ya kuku hujawahi kuiambia ipige mswaki."

Mambo yakaenda hivyo miaka, mpaka redio ilipoanza kusema habari za mafua ya ndege. Walisema huko mbali watu wanakufa, ndege wanachomwa moto kwa malundo. Huku kwetu hapakuwa na kitu, lakini hofu haingojei kibali mpakani. Bamayo wakaacha kuja. Kuku wakajaa uani kwangu, tenga juu ya tenga. Bwana mifugo wetu, kijana mwenye sauti kubwa, akatukusanya wafanyabiashara wa kuku kwenye banda la soko atueleze. Nilisimama mbele, mke wangu kando yangu, na Mpuliza akakaa juu ya tenga tupu amekunja nne.

Yule kijana niliwahi kumwona mwenye majivuno, lakini siku ile alisema vizuri, na nakumbuka karibu yote.

"Mwili wa mtu," alisema, "ni vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kina mlango wenye kufuli. Kirusi hana mkono wala jino. Ana ufunguo tu. Ufunguo wa kirusi cha ndege umechongwa kwa kufuli za ndege. Puani kwako na kooni, kufuli za namna hiyo ni chache sana. Anagonga, anakwama kwenye ute, unampenga, kwisha habari. Lakini chini kabisa, kwenye vifuko vya mapafu pale hewa inapoingia kwenye damu, kule kufuli zinazofanana na za ndege zipo."

"Nani aliziweka huko?" Mpuliza akauliza.

"Muulize Mungu, mzee. Mimi nilisomea mifugo."

Watu wakacheka. Kijana akasubiri waishe.

"Sasa, kufika kule chini si rahisi kwake. Njia ni ndefu na ina walinzi. Anahitaji mtu wa kumpeleka. Ukifagia banda kavu vumbi likapanda, unampeleka. Ukinyonyoa mgonjwa, unampeleka. Ukitia mdomo wako kwa kuku anayekufa ukavuta mpaka mabega yapande," na hapo akamtazama Mpuliza, "umempakia kwenye lori na kumfikisha mlangoni."

"Akishaingia?" akauliza mke wangu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Akishaingia chumbani anakigeuza kiwanda cha kutengeneza wenzake, mpaka chumba kinakufa, nao wanatoka kwenda vyumba vya jirani. Mwili unakasirika. Unapeleka askari na maji kule chini kupigana, na wakati mwingine unapitiliza hasira, mpaka vile vifuko vya hewa vinajaa. Mtu anazama, mama, na godoro lake ni kavu."

Kuku tu ndio walikuwa wanakwaruza.

Nikauliza swali langu. "Na huyo anayezama, akikohoa, anayemuuguza naye anakwenda?"

"Swali zuri, mzee. Kwa sasa ni nadra sana. Kirusi yuko chini mno, huku juu hana makao ya kutosha. Wanaopata ni walioshika ndege, wachache sana ni waliouguza mtu. Tunachokiogopa ni siku atakapojichongea ufunguo wa mlango wa juu, wa puani. Siku hiyo hatutaongea tena habari ya kuku. Kwa hiyo mwogopeni kuku mgonjwa. Mgonjwa wa kibinadamu muuguzeni kwa tahadhari, mnawe, lakini msimtupe."

Akamaliza kwa kusema kwamba huku tulichonacho ni mdondo, na kwamba macho mekundu ya mzee pale huenda ni mdondo huo huo, maana humchoma mtu macho ukaishia hapo. "Lakini njia mliyouzoesha mdondo," akasema, "ndiyo atakayopita mwingine."

Mpuliza akasimama, akajipangusa suruali. "Mwanangu, kuku wamenipumulia kabla hujaota meno. Wangekuwa na ufunguo wangu wangeshaniibia zamani." Akatoka kwa makofi ya watu. Watu wanapenda jibu la haraka kuliko jibu la kweli, hilo nimelijua sokoni.

Basi wale kuku waliojaa uani wakaanza kuinamisha vichwa. Shingo zikapinda, kinyesi kikawa kijani. Nikamwambia mke wangu, "Usiguse. Chimba shimo tuzike." Hakunisikia. Mpuliza akaja na shati lake jeupe, wakakaa wote wawili uani wakivuta na kutema, kuku baada ya kuku, yeye kwa mdomo, mke wangu kwa unyoya. Nilisimama mlangoni nikatazama. Ni kama kutazama watu wanaolamba jeraha. Udongo wa uani ulikuwa na madoa ya ule ute, nzi wamekaa juu yake, na Mama Neema amepiga magoti katikati anaongea na kuku: "Pumua, mama, pumua."

Kuku wakafa karibu wote. Siku chache baadaye Mama Neema akaanguka homa.

Alikohoa kikohozi kikavu, kisha kikawa cha maji. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka, kama cha kuku aliyekimbizwa. Nilikaa pembeni ya kitanda nikisikia maneno ya yule kijana: vyumba, kufuli, mlango wa chini. Lori langu lilikuwa gereji, injini imeshushwa, fundi kaahidi jioni. Nikakimbia kumwita Mpuliza. Nilimwita kwa sababu yeye ndiye aliyemtia katika jambo lile, na kwa sababu nilifikiri mtu asiyeogopa pumzi ya kuku anayekufa atajua kukaa na mwanafunzi wake.

Akaja mpaka kizingitini. Akachungulia. Mke wangu akakohoa, akageuza uso akamwona, akatabasamu. Akataka kuinuka.

"Mwalimu," akasema, "karibu."

Yule mtu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikombe chake, akakifungua kile kitambaa cha bluu. Nilidhani anataka maji. Akakunja kitambaa pembe tatu, akajifunga puani na mdomoni, akakaza fundo kisogoni taratibu.

"Pole, shemeji," akasema kutoka kule kule mlangoni. Akarudi nyuma, akaondoka. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa.

Nimeona uchafu wa kila namna, lakini kilichonichefua zaidi maishani ni kile kitambaa. Mdomo uliokuwa umenyonya kamasi la kila tetea wa Tunduma ulizibwa mbele ya mwanamke aliyemheshimu. Na angesikiliza hata nusu ya yale aliyoambiwa bandani angejua amegeuza mambo juu chini: kwenye hatari alitia mdomo wazi, kwenye usalama akafunga.

Mama Neema akajifunika shuka mpaka kichwani. "Ameniona mchafu," alisema. Alilia, na hakuwa analia homa.

Lori lilipowaka nilimpakia mbele, kichwa chake begani kwangu, akanikoholea shingoni njia nzima hadi hospitali. Sikufunga kitu. Daktari akasikiliza kifua, akampiga picha, akasema ni nimonia hii ya kawaida, wala si ya ndege. Akachomwa sindano mpaka akasimama. Na bwana mifugo alipochukua kuku waliobaki kuwapima, jibu likawa mdondo, kama alivyosema.

Lakini tangu siku ile Mama Neema hakupuliza kuku tena. Ule unyoya aliutupa chooni. Nilimkataza miaka hakuacha, mtaalamu alimtisha hakuacha, kitambaa cha bluu ndicho kilichomwachisha. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimepata nilichotaka, mdomo safi ndani ya nyumba, na mwenye mdomo akawa haongei.

Mpuliza aliendelea na kazi, bamayo waliporudi. Mimi sikumpa tenga tena. Tukipishana nilitema mate chini, aone. Yeye aliitikia kwa kichwa, "Tajiri," akapita. Baadaye kuku wa kisasa wakaingia, ambao hakuna haja ya kuwapuliza kwa sababu wote wamenona sawa kama mikate, naye akapotea sokoni. Sikuuliza alikokwenda.

Juzijuzi hapa, muda mfupi kabla ya kampeni za uchaguzi, Mama Neema akaniambia kasikia mzee yuko Ihanda kwa mpwa wake, kifua kimekwisha. "Nataka kwenda," akasema. Alikuwa ameshamfunga tetea miguu. Nikakubali haraka, na si kwa huruma. Nilikuwa na maneno niliyoyaweka miaka yote, nikaona mzee atakufa hajayasikia.

Tulimkuta kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba, kwenye jua. Shati jeupe, sasa lingetosha watu wawili kama yeye. Kila pumzi ilikuwa inakuja na mluzi. Mpwa wake akatuambia hospitali wamesema si kifua kikuu wala si hao virusi, ni vumbi la manyoya na vinyesi la miaka yote, limeyakakamaza mapafu kule chini. Hakuna ufunguo uliotumika. Mlango ulisagwa pole pole.

Sikukaa. Nikasema nilichokwenda kusema. "Ulijifunga kitambaa."

"Nilijifunga."

"Kuku ulimvuta pumzi mpaka ndani. Mke wangu ukamzibia pua."

Akatafuta hewa kwanza. "Wangu alikohoa hivyo hivyo," akasema. "Mke wa kwanza, kifua kikuu. Tulikunywa kikombe kimoja. Alikufa, na mimi nikachomwa sindano mpaka masikio yakalia." Akapumzika. "Niliposikia kile kikohozi, tajiri, miguu ilirudi yenyewe."

"Ungesema."

"Ungenisikiliza?"

Nisingemsikiliza. Lakini sababu ni sababu, si sabuni. Haikuosha kitu, na nikamwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua.

Mama Neema akamweka yule tetea mapajani mwa mzee. Mikono ikajua kazi yake: ikampindua, ikabana miguu, ikainua mkia. Akajikusanya, akapuliza.

Manyoya hayakusogea.

Akavuta tena, mluzi ukapanda, akapuliza. Unyoya mmoja ulitikisika kwa upepo wa uwanjani, si kwa pumzi yake. Mzee akabaki ameshika kuku, anatazama manyoya yaliyofungika. Yale macho mekundu yalikuwa yanatiririka kama siku zote, kwa hiyo siwezi kusema alilia.

Mke wangu akapiga magoti. Nilitaka kumshika bega, sikuwahi. Akasogeza uso karibu na uso wa mzee, mashavu yao yakakaribia kugusana, akapuliza mara moja, vizuri, kama alivyofundishwa. Manyoya yakafunguka. Ngozi ilikuwa ya njano.

"Kanona," mzee akasema.

"Kanona, mwalimu."

"Kala mahindi, si pumba."

"Mahindi."

Tulipoaga, mzee alimshika mkono muda mrefu, mimi akanishika kidogo. Kwenye lori nikaona unyoya mdogo mweupe umeng'ang'ania mdomo wa chini wa mke wangu. Hakuujua. Alikuwa anatazama mbele barabarani na alikuwa anaimba kitu kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu ile homa. Nikasimamisha lori. Nikautoa unyoya ule kwa kidole changu mwenyewe, nikautupa nje.

Kisha nikashuka, nikachukua dumu la maji nyuma ya kiti, nikanawa.